Shahidi wa Ziwa Ghalida

1

Nzi alipita mara ya tatu, chini kiasi cha kupeperusha khanga za wanawake. Watu wa Unyangwe walikuwa wamejipanga ufukweni tangu asubuhi, sitini na wawili, bega kwa bega kama wanaosubiri chanjo. Wazee walikalishwa juu ya ndoo zilizopinduliwa. Wengine walipunga mikono, wengine walipiga masinia, na mama mmoja alimwinua mwanawe juu ya kichwa kama anayemwonyesha mwezi.

Nzi hakuwa mdudu. Ni chombo cha chuma chenye ukubwa wa ungo, na tumboni kina jicho moja. Watu walimwita nzi kwa sababu ya mlio wake, na kwa sababu alitua popote bila hodi.

Asnati hakupunga. Alisimama nyuma yao, juu ya tuta la chumvi, ameshika kibao cha kioo alichopewa na Idara ya Bonde. Kila alichokiona nzi, kibao kilikionyesha. Na kwenye kibao ziwa lilikuwa zuri. Maji yalikuwa yamerudi nyuma, ndiyo, lakini yaling'aa. Heroe, wale ndege wa miguu mirefu, walikuwa wamejazana katikati, waridi juu ya fedha, na makinda yao ya kijivu yamekusanyika kwenye tope kama mchanga uliomwagwa. Ufuko ulikuwa mweupe, umenyooka, mtupu. Chini yake yakaja maandishi. Heroe, elfu kumi na tisa mia mbili na sita. Makinda, elfu nne na kumi. Fisi, mmoja. Watu, hakuna.

Asnati akainua macho. Mbele yake kulikuwa na migongo sitini na miwili.

"Jicho limesemaje?" Shangazi yake aliuliza bila kugeuka. Nyamwiru alikuwa mama wa miaka sitini na kitu, mikono imepasuka kwa chumvi, na hata siku ile ya kuhesabiwa alikuja na kikwangulio chake, asije akaonekana mvivu.

Asnati alitafuta uongo, akaukosa. "Limemwona fisi, shangazi."

"Wapi?"

"Ng'ambo, nyuma ya miamba."

Nyamwiru akatazama ng'ambo, akatikisa kichwa. "Basi tumpelekee salamu. Mwenye uso mbele ya serikali ndiye mkubwa wetu."

Watu wakacheka, na kicheko kikakatika upesi, maana kila mmoja alijua lililokuwa nyuma yake. Ijumaa, saa sita mchana, lango la bwawa la juu lingefunguliwa ili ziwa lijazwe tena. Maji yangefika Unyangwe kabla ya jioni na kupanda juu ya mapaa. Sheria ilikuwa wazi: lango halifunguliwi palipo na watu mpaka wahamishwe na kupewa mahali pengine. Na palipo na sifuri ya watu, hakuna wa kuhamishwa wala wa kupewa.

Siku hiyo ilikuwa Jumanne.

2

Kamera yake Asnati aliipata kwa mama yake. Mgeni mmoja aliisahau kwenye nyumba ya wageni ya misheni, ikakaa kabatini miaka mitatu bila kuulizwa, hatimaye masista wakampa mpishi wao, na mpishi akampa binti yake aliyekuwa amemaliza darasa la saba na kukaa nyumbani. Mama huyo sasa ni marehemu. Kamera ipo.

Hakuna aliyemfundisha. Alijifundisha kwa kungoja. Alingoja mwanga ushuke, alingoja upepo ulale, alingoja heroe wainue vichwa kwa pamoja. Angeweza kukaa juu ya tuta saa tano kwa picha moja, na akiikosa akarudi kesho bila kununa. Watu wa Unyangwe walisema mtoto huyu angefaa kuwa jiwe.

Kitu pekee kilichomsumbua kilikuwa watu wenyewe. Kila siku walikuwa ufukweni, wameinama, wanakwangua magadi na chumvi, ndoo nyekundu hapa, khanga ya njano pale. Picha ya kwanza aliyoituma kwenye mtandao wa wapenda picha ilikuwa na shangazi yake pembeni, kiuno juu. Mtu wa mbali, asiyemjua, aliandika chini yake: Ziwa zuri, ila yule mama ameharibu. Asnati aliisoma mara nyingi. Hakumjibu, akaifuta ile picha. Ila tangu siku hiyo alingoja pia watu watoke.

Na wao, kwa kumpenda, walimsaidia. Ikawa desturi. Akionekana ameinua kamera, anayemwona kwanza hupaza sauti, "Asnati anatazama," nao huchuchumaa wote nyuma ya malundo ya chumvi, na ndoo zao na watoto wao, midomo imefungwa, mpaka asikike akisema asanteni. Wageni walioolewa pale walifundishwa desturi hiyo wiki ya kwanza, pamoja na njia ya kisimani. Nyamwiru alikuwa hodari kuliko wote. Aliweza kulala kifudifudi na kujifunika gunia jeupe, usimjue na chumvi.

Miaka tisa ya hivyo. Picha elfu kumi na moja na mia nne. Hakuna hata moja yenye mtu.

Halafu ikaja sheria ya mashahidi. Ulimwengu ulikuwa umejaa picha ambazo hazikupigwa na yeyote, maziwa yasiyokuwepo, misitu ya kubuni, hata macho ya serikali yakawa hayajui kweli ni ipi. Ikaamuliwa kwamba kila mahali papate shahidi: mtu hai, mwenye kamera yake na miguu yake, aliyepapiga picha mahali hapo miaka mingi bila malipo, kwa kupenda tu. Jicho la nzi lingejifunza mahali hapo kutoka kwenye picha zake. Kilichomo kwenye picha zake ndicho mahali penyewe. Kisichokuwamo ni doa, vumbi kwenye kioo, na jicho hulifuta kabla halijahesabu.

Waliokuja kumtafuta shahidi wa Ghalida walimkuta Asnati akipepeta mtama. Aliweka dole gumba lake kwenye kioo, wakampigia makofi, na Unyangwe wote wakachinja mbuzi.

3

Jumatano alikwenda ofisi ya Idara, mjini. Afisa aliyempokea aliitwa Mtenga, mtu mpole, mnene, mwenye tabia ya kunyoosha vitu mezani alipokuwa anafikiri. Hakumfukuza. Alimsikiliza mpaka mwisho, akamwagizia chai, akazitazama picha zake tena, moja baada ya moja, na mara mbili akasahau kwamba yuko kazini akasema tu, aisee.

Asnati alimwomba jambo dogo. Aje mwenyewe. Apande pikipiki, aje awaone kwa macho yake, awaguse akitaka.

Mtenga alimweleza kwa upole kwamba macho yake hayana kazi tena. Zamani maofisa walikuwa wanatumwa kuhesabu watu, wakarudi na vijiji vizima vya watu hewa, majina ya marehemu na ya mbuzi, ili wagawane viwanja. Ndiyo maana neno la ofisa likaondolewa. Akiandika leo kwamba Unyangwe pana watu sitini na wawili, kesho atakuwa mahakamani kwa kuumba watu hewa.

"Lakini si hewa," Asnati alisema.

"Najua, dada yangu. Mimi nakuamini." Akanyoosha kalamu, ikalingana na ukingo wa meza. "Tatizo ni kwamba mimi na wewe tukiamini, ni watu wawili. Jicho lina picha zako elfu kumi na moja. Umelifundisha wewe, na umelifundisha vizuri. Sijaona shahidi mwenye mkono safi kama wako."

Asnati akauliza kama akipiga picha mpya, zenye watu, zitafaa. Mtenga akasema azitume tu, hakuna anayekatazwa. Lakini jicho hupima kipya kwa wingi wa kale. Ili watu wapite mbele yake kama watu, angehitaji picha za miaka mingine tisa.

Kisha akamtazama kama daktari anayepima kama mgonjwa ataweza kusikia. Iko njia moja, alisema. Shahidi anaweza kutengua ushahidi wake. Anaweka dole gumba, anakiri kwamba picha zake hazisemi kweli, na siku hiyo hiyo zinafutwa zote, kwenye macho, kwenye maktaba, kwenye kamera yake mwenyewe, maana ushahidi uliotenguliwa ni haramu kuuweka. Bila shahidi, jicho halilijui ziwa. Bila kulijua, lango halifunguliwi.

"Na ziwa?"

"Mahali pasipo na shahidi hapana mgao wa maji. Miaka saba. Maji yataenda kwenye mashamba ya miwa, wanayasubiri kwa hamu." Akanyoosha karatasi ambayo ilikuwa imenyooka tayari. "Umeona makinda. Mvua za vuli hazikuja. Unajua mwenyewe wamebakiwa na wiki ngapi."

Alijua. Wiki tano, labda sita. Kinda wa heroe haruki kabla ya siku sabini, na tope likikauka kabla hajaruka, chumvi humganda miguuni kama pingu, akatembea nayo mpaka akachoka.

Chai yake ilikuwa imepoa. Aliinywa yote kwa adabu.

4

Alhamisi walijaribu hata hivyo. Unyangwe nzima ilikuja tena ufukweni, na safari hii Asnati aliwaomba wasichuchumae. Ilikuwa shida kuliko alivyodhani. Alipoinua kamera, mtu akaita kwa mazoea, "Asnati anatazama," na nusu yao wakawa chini kabla hawajakumbuka. Wakainuka wakijikung'uta, wanachekana. Mzee Njiku, aliyekuwa amevunjika nyonga mwaka jana, alibaki amechuchumaa akidai kwamba yeye amezoea huku, wampige hivyo hivyo.

Alimpiga picha shangazi yake peke yake, karibu, amejaa picha nzima. Makunyanzi, kikwangulio, jino moja la mbele lililokatika. Ilikuwa picha nzuri, na ilimtia hofu, kwa sababu hakuwahi kujua kwamba uso ule unashika mwanga vile. Miaka tisa uso ule ulikuwa hatua kumi kutoka kwake, umefunikwa gunia.

Akaituma. Baada ya punde ikarudi kwenye kibao, imesafishwa. Kulikuwa na ziwa, na heroe kwa mbali, na ufuko mweupe uliotandazwa vizuri pale alipokuwa amesimama Nyamwiru.

Nyamwiru akakichukua kibao, akakitazama kwa muda mrefu, akakigeuza nyuma kama anayejitafuta huko.

"Wamenifuta vizuri," alisema. "Hata kivuli hawakuniachia."

Wakakaa chini wote kwenye malundo, na Asnati akawaeleza aliyoyasikia mjini, bila kupunguza. Maneno yakawa mengi. Kijana mmoja aliyekuwa na mke mjamzito alisema hakuna cha kufikiri, ndege si ndugu, atengue. Mama mwingine akamwuliza kwa upole atakwangua nini ziwa likifa, maana chumvi hailetwi na mawe, huletwa na maji yanayokuja na kuondoka. Yule kijana akasema heri njaa kuliko mafuriko. Wengine walisema waondoke tu leo, wabebe masufuria yao. Wapi? Kila kiwanja cha chini na cha juu kilikuwa na jina la mtu mbele ya jicho, na wao hawakuwa na jina wala kimo. Wakipanda mlimani kwa watu, wangekuwa watu hewa kwenye kiwanja cha mtu hai.

Hawakukubaliana. Ilipofika saa za kuchota maji, walianza kuondoka mmoja mmoja bila kuaga, na wote walipompita Asnati walimgusa bega, wengine kwa huruma, wengine kama mtu anavyogusa mlango asiojua kama umefungwa.

Nyamwiru alibaki. Asnati akamwuliza afanye nini.

"Usiniulize mimi, mwanangu. Nikikwambia, utasema shangazi alisema. Hilo ni lako." Akachora mstari kwenye chumvi kwa kikwangulio, akaufuta kwa kisigino. "Ila nikwambie kimoja. Kila ulipoinua hiyo kamera nililala chini, na nilikuwa nafurahi. Nilikuwa nasema, yule mtoto anatengeneza kitu kizuri, mimi nimesaidia. Hukunifuta peke yako."

Asnati alitamani shangazi amtukane. Ingekuwa rahisi zaidi.

5

Ijumaa asubuhi alizipitia picha zake. Hakuweza kuziona zote, alianza na za mwaka wa kwanza na akaishia mwaka wa nne. Kulikuwa na ziwa la masika lililofika mpaka kwenye mizizi ya migunga. Kulikuwa na asubuhi ya ukungu ambayo heroe hawana miguu, wanaelea tu. Kulikuwa na picha aliyoipiga siku ya mazishi ya mama yake, alipotoroka msibani dakika kumi, na maji yalikuwa kama bati. Hakuna aliyewahi kuliona ziwa lile kama alivyoliona yeye, na hakuna ambaye angeliona tena. Alitafuta, huku akijua upumbavu wake, alama ya mtu. Ncha ya khanga, ndoo, unyayo. Alikuwa ameifanya kazi vizuri mno.

Saa nne na robo aliweka dole gumba kwenye kibao. Kikamwuliza kama anakiri kwamba picha zake hazisemi kweli. Akafikiri kwamba hilo nalo ni uongo, maana kila kilichomo kilikuwa kweli. Akakiri.

Hakukuwa na kishindo. Kibao kikawa cheupe. Akaiwasha kamera, nayo ikamwambia haina picha. Saa tano nzi alikuja, akazunguka juu ya ziwa kama mtu aliyesahau alichokifuata chumbani, akaondoka. Saa sita ikapita. Lango halikufunguka. Unyangwe walipiga vigelegele, na Mzee Njiku alicheza akiwa amekaa.

Mwezi wa kwanza ulikuwa wa neema. Maji yalirudi nyuma na kuacha chumvi nene, nyeupe, ya kukwangua bila kutafuta. Watu walisema Asnati ameleta baraka. Wiki ya tano heroe wakubwa waliondoka, siku moja tu, wote, na mlio wao ulifunika kijiji kama mvua ya mawe. Makinda waliwafuata kwa miguu. Walitembea kuelekea walikopotelea wazazi wao, elfu na maelfu, kwenye tope lililokuwa linakauka, na chumvi ikawa inawaganda. Watu wa Unyangwe waliingia na mabeseni na maji baridi, wakawavunjia pingu zile kwa mikono, kinda baada ya kinda, siku tatu. Asnati alikuwa miongoni mwao. Aliacha kuhesabu alipofika mia mbili. Waliowavunjia asubuhi walikuwa wameganda tena jioni.

Baada ya hapo upepo ukaanza kuinua vumbi la chumvi. Liliingia kwenye unga, kwenye macho, kwenye vifua vya watoto. Magadi yaligeuka machungu, kisha yakaisha. Yule kijana mwenye mke mjamzito aliondoka wa kwanza, hakumwangalia Asnati usoni. Wakafuata wengine, nyumba kwa nyumba, wakienda kuwa hewa kwa watu. Mzee Njiku alibebwa kwenye machela na hakufika alikokuwa anapelekwa.

Mwezi wa saba alibaki Nyamwiru, na siku ile naye alikuwa amefunga mzigo wake. Alikuja juu ya tuta alipokaa Asnati, kifua kikimkorofisha, akasimama mpaka pumzi ikamrudia. Alimwambia kwamba anataka apigwe picha moja, ya kumbukumbu. Haijalishi kama jicho litaiona. Iwe ya wao wawili.

"Nisimame wapi?"

"Popote, shangazi. Pale chini panatosha."

Nyamwiru akashuka polepole mpaka katikati ya ule weupe, akaweka mzigo chini, akanyoosha khanga yake. Nyuma yake hapakuwa na kitu, mbuga ya chumvi tu hadi miamba ya ng'ambo, na mwanga wa alasiri uliokuwa unashuka vizuri, ule mwanga ambao Asnati aliungoja miaka tisa. Akainua kamera. Akaona mstari wa miamba, akaona weupe, akaona kivuli kirefu kimelala. Kila kitu kilikuwa mahali pake. Akashika pumzi.

Nyamwiru alisubiri. Akakohoa, akajikaza, akasubiri tena. Jua likasogea kidole kimoja, kisha viwili.

"Bado?" alimwita kutoka kule chini.

Asnati alibaki na jicho kwenye kamera. Kidole chake kilikuwa juu ya kitufe, kimetulia kama kawaida yake, na ndipo alipotambua kinachomchelewesha. Alikuwa anangoja shangazi yake atoke.